Tippu Tip: Alikopa akiwa hana jina, akalipa deni kubwa baada ya miaka 12

Mfanyabiashara anayetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwenda Mbarara kuchukua bidhaa anajua maswali anayoulizwa kwenye duka la jumla. Nani anakufahamu? Mzigo uliopita ulilipa lini? Ukichelewa, utapatikana wapi? Akijibu vizuri anapakiwa sukari, sabuni na unga kwenye gari, naye analipa baada ya kuuza. Akijibu vibaya anatakiwa kutoa fedha taslimu, na kama hana anarudi mikono mitupu.

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ilianzishwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Tangu hapo imepokea watu wa Burundi, Somalia, Ethiopia na hasa Wakongo wa mashariki. Kwenye masoko yake ya Base Camp, Juru na Rubondo, Kiswahili kinasikika kila upande. Wengi wa wanaokizungumza hawana hati ya ardhi ya kuweka rehani, na deni la duka huwa pia ni deni la nyumbani: karo ya watoto, chakula na matibabu vyote vimo ndani ya daftari moja.

Kiswahili hicho cha Kongo kilifikaje huko? Sehemu kubwa kilipelekwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, na aliyeongoza misafara mikubwa kuliko yote alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Wengi wanamkumbuka kwa bunduki, pembe za ndovu na watumwa. Wachache wanamkumbuka kama mdaiwa. Lakini maisha yake yote, kuanzia ujana hadi siku alipofariki, yaliendeshwa na madeni: aliyodaiwa yeye na aliyowadai wengine.

Kijana wa Kwarara

Hamed alizaliwa Kwarara, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa misafara aliyeishi muda mwingi bara, upande wa Tabora, ambako alioa katika nyumba ya mtemi wa Unyanyembe. Mama yake alitoka katika familia ya Kiarabu yenye asili ya Muscat. Familia hiyo haikuwa maskini, lakini haikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Unguja waliokuwa na mashamba mengi ya karafuu.

Alianza biashara akiwa na umri wa miaka 12. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa sandarusi, utomvu uliochimbwa ardhini kwenye mwambao wa Tanganyika na kuuzwa Ulaya na Marekani kutengeneza vanishi. Ilikuwa biashara ya safari fupi na mtaji mdogo. Alipofikisha karibu miaka 18 alifuatana na baba yake hadi Tabora, kisha akavuka Ziwa Tanganyika na kuingia nchi ya Warua, ambayo leo ni sehemu ya Kongo.

Huko alijifunza mambo mawili. La kwanza, kwamba pembe zilikuwa nyingi na rahisi kadiri mtu alivyozidi kwenda magharibi. La pili, kwamba faida yote hiyo haikuwa na maana kama mtu hana bidhaa za kubadilishana. Na bidhaa zilikuwa Unguja, mikononi mwa wenye mitaji.

Mali kauli

Ili kuelewa jinsi mtu kama huyu alivyopata mkopo, ni lazima kuelewa jinsi biashara ya misafara ilivyokuwa ikifanyika. Msafara wa bara ulihitaji majora ya merikani na kaniki, shanga za aina mbalimbali, masango ya shaba, bunduki na baruti. Ulihitaji pia mamia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao walitaka sehemu ya ujira kabla ya kuondoka. Hakuna kijana aliyeweza kununua vitu hivyo vyote kwa fedha yake.

Kwa hiyo bidhaa zilichukuliwa kwa mali kauli. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, wengi wao kutoka Kutch, walimpa kiongozi wa msafara bidhaa bila kulipwa. Bei iliyoandikwa ilikuwa juu sana kuliko bei ya fedha taslimu, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Malipo yalikuwa kwa pembe, baada ya miaka miwili, mitatu au zaidi.

Mkopeshaji hakuwa na njia ya kumfuata mdaiwa hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alichokuwa nacho ni vitu vitatu. Kwanza, nyumba na shamba la familia ya mdaiwa huko Unguja, ambavyo mara nyingi viliwekwa rehani. Pili, forodha: pembe karibu zote zilipitia bandari ya Unguja, na aliyekodi forodha alijua nani ameleta nini. Tatu, jina. Aliyekula mali ya mdai mmoja hakupewa kitu na wadai wengine.

Ndiyo maana katika miji ya Tabora, Ujiji na Nyangwe kulikuwa na watu waliokaa miaka mingi bila kurudi pwani. Si kwa sababu waliipenda sana bara. Biashara zao zilikuwa zimeharibika, na kurudi Unguja kulikuwa na maana ya kukutana na wadai. Walizeeka huko, wakiishi kwa biashara ndogo ndogo, huku familia zao pwani zikibaki na rehani.

Hamed alianzia chini ya mfumo huo. Akiwa kijana asiyejulikana, alikusanya bidhaa za mkopo kutoka kwa wafanyabiashara mbalimbali, kidogo huku na kidogo kule. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu asiye na jina: hakuna mmoja anayethubutu kumpa yote. Ugumu wake ni kwamba mwenye wadai wengi husukumwa na wengi, na safari moja ikiharibika, wote humjia kwa wakati mmoja.

Ushindi uliobadilisha hesabu

Katika miaka ya 1860 alielekea kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, nchi ya Itahua iliyotawaliwa na Nsama, mtawala wa Watabwa aliyeogopwa. Nsama alikuwa amekwisha kushinda misafara mingine kabla yake. Mwaka 1867 mapigano yalizuka kati yao. Hamed mwenyewe alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zake zilimshinda Nsama, na ghala la mtawala huyo likawa mali yake. Kwa hesabu aliyoiacha mwenyewe, alipata karibu frasila 2,000 za pembe, pamoja na shaba. Frasila moja ni karibu kilo 16, hivyo ni zaidi ya tani 30.

Jina la Tippu Tip lilianzia nyakati hizo. Yeye mwenyewe alieleza kwamba watu waliliiga kutokana na mlio wa bunduki zake. Wengine wamesema lilitokana na kupepesa kwa macho yake. Mwaka huohuo wa 1867 alikutana na David Livingstone, akampa chakula na bidhaa, na Livingstone akaona kwa macho yake vijiji vilivyokuwa vimevurugwa na vita hivyo.

Aliporudi Unguja mwishoni mwa muongo huo aliwalipa wadai. Kibiashara, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko pembe zenyewe. Habari kwamba kijana wa Muhammed bin Juma amekwenda mbali, amerudi na amelipa zilienea madukani na forodhani. Kuanzia hapo hakuwa tena mtu wa kukusanya mkopo kidogo kidogo.

Taria Topan afungua ghala

Aliyemfungulia mlango alikuwa Taria Topan, Khoja Ismailia kutoka Kutch ambaye naye alifika Unguja akiwa mtoto na kuanzia kazi za chini. Kufikia miaka ya 1870 alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika Mashariki, na mwaka 1876 alipata kukodi forodha ya Sultani. Jengo kubwa la zahanati aliloanzisha mbele ya bandari ya Zanzibar bado linasimama hadi leo.

Karibu mwaka 1870 Taria alimpa Tippu Tip bidhaa za thamani ya takriban reale 50,000 za Maria Theresa, zaidi ya pauni 10,000 za Uingereza za wakati huo. Kwa mtu mmoja na safari moja, lilikuwa deni la kutisha. Lakini lilikuwa na nafuu moja ambayo mfanyabiashara yeyote ataitambua: mdai mkubwa alikuwa mmoja, mwenye kifua cha kungoja, na ambaye faida yake ilitegemea mdaiwa wake afanikiwe.

Taria hakuwa akitoa sadaka. Aliangalia rekodi. Mtu huyu alikwenda mbali kuliko wengine, alirudi, na hakukimbia. Leo Uganda ina ofisi ya kumbukumbu za mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2008, ambako benki huangalia kama mkopaji alilipa au hakulipa. Wakati wa Taria ofisi hiyo ilikuwa ni baraza ya duka na masikio ya watu wa forodha, lakini swali lilikuwa lilelile.

Miaka 12 bara

Safari hiyo ilichukua miaka 12. Tippu Tip alipita Tabora, akapigana na watawala kadhaa njiani, akaingia tena nchi ya Warua na kusonga mbele hadi Utetera, katikati ya Kongo. Hapo alifanya jambo ambalo lilimpa utajiri kuliko ununuzi wowote. Alidai kwamba bibi yake alikuwa mtu wa nchi hiyo aliyechukuliwa mateka zamani, hivyo yeye ni mjukuu wa ukoo wa utawala. Mtawala mzee, Kasongo Rushie, alimkubali na kumwachia madaraka. Kuanzia hapo pembe zilianza kuja kama kodi ya mtawala. Hakuwa akizinunua tena.

Mwaka 1874 alifika Nyangwe kwenye Mto Lualaba na kukutana na Mwingereza Cameron. Baadaye aliweka makao yake Kasongo, katika Maniema ya leo, akawa na mashamba ya mpunga, maghala na askari. Ndugu na washirika wake walitawanyika kila upande. Lugha ya amri, ya hesabu na ya soko ikawa Kiswahili.

Mwaka 1876 alikuja Henry Morton Stanley, akitaka kusindikizwa kuufuata mto kuelekea kaskazini. Walikubaliana malipo ya dola 5,000. Njia ilikuwa ya msitu mzito, magonjwa na mapigano, na mwishoni mwa mwaka huo wakaachana kabla ya safari yote kukamilika. Malipo yaliyotolewa yalikuwa pungufu ya yale yaliyotajwa mwanzoni. Stanley aliona sawa, kwa kuwa mwendo haukutimia. Tippu Tip alijiona amedhulumiwa, na hadi alipoandika maisha yake miaka 25 baadaye bado alikuwa akilinung'unikia jambo hilo. Somo lake liko wazi kwa yeyote anayekodisha lori: mkataba usiposema mzigo ukiishia njiani nani analipa nini, kila upande utakuwa na hesabu yake.

Wakati huo wote deni la Taria lilikuwa likimngoja Unguja. Barua za kumtaka arudi zilimfikia akiwa bara. Hakuzikataa na hakujificha. Lakini pembe zilikuwa nyingi kuliko wapagazi, na njia ya Tabora ilikuwa na vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyekuwa amegombana na Waarabu wa huko. Tippu Tip hakupigana naye. Alitafuta maelewano na Mirambo, wakapelekeana zawadi, na mzigo ukapita. Mwishoni mwa mwaka 1882 aliingia Unguja na shehena kubwa ya pembe, akamaliza hesabu yake na Taria Topan.

Deni lililipwa na nani?

Hapa ndipo hadithi ya mafanikio inapotakiwa kusimama kidogo. Daftari la Taria lilionyesha deni limelipwa. Halikuonyesha limetoka wapi.

Lilitoka kwa Watabwa waliopoteza ghala la Nsama. Lilitoka kwa watu wa Utetera waliotoa pembe kama kodi kwa mtawala ambaye jana hawakumjua. Lilitoka kwa watu wa Maniema waliotekwa, wakafanywa watumwa, wakabebeshwa pembe mabegani, na wengi wao hawakurudi kwao. Vijiji vilivyochelewa kukubali vilichomwa. Mnamo Julai 1871 wafanyabiashara wa kundi jingine waliwapiga risasi watu waliokuwa sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake, mbele ya Livingstone. Habari hizo ziliongeza msukumo wa Waingereza kwa Sultani Barghash, ambaye Juni 1873 alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Bara, biashara iliendelea.

Ukubwa wa deni ulichangia ukatili huo. Mkopo wa bei ya juu, unaolipwa kwa pembe tu, ulimsukuma kila kiongozi wa msafara kutafuta pembe isiyo na gharama. Hilo halimwondolei Tippu Tip lawama: alichagua njia hiyo, akatajirika kwayo na akaitetea. Ila linaeleza kwa nini hata waliokuwa wapole kwa tabia waliishia kuwa wanyang'anyi. Mzigo wa deni ulianza kwenye ghala la Unguja na kuishia kichwani mwa mtu ambaye hakukopa chochote.

Wakongo wengi wanaoishi Nakivale leo wanatoka katika nchi zilizo jirani na njia hizo za misafara. Wazee wao walikuwa upande uliolipa. Lugha wanayotumia kuomba mkopo Mbarara ni ile iliyofika na wadaiwa wa Unguja.

Serikali yageuka mdai

Mwaka 1883 Tippu Tip alirudi Kongo, akasogea hadi maporomoko ya Stanley, karibu na Kisangani ya leo. Lakini Wazungu nao walikuwa wamefika. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa anaunda dola yake ya Kongo. Februari 1887, Unguja, Tippu Tip alikubali kuwa wali wa dola hiyo katika maporomoko ya Stanley kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyewahi kubeba deni la pauni 10,000 sasa alikuwa mwajiriwa wa pauni 360 kwa mwaka. Alijua kwamba mshahara haukuwa jambo kubwa. Alitaka kulinda biashara yake isinyang'anywe kwa nguvu.

Katika makubaliano hayohayo aliahidi kumpatia Stanley wapagazi kwa safari ya kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ikweta. Wapagazi walichelewa, na walipokuja walikuwa pungufu. Kikosi cha nyuma cha Stanley kilikwama Yambuya na watu wengi wakafa. Stanley aliendelea, akampata Emin, na mwezi Julai 1889 msafara wao ulikatiza nchi ya Nkore, ambayo Mbarara na Isingiro zimo ndani yake leo, ukavuka Mto Kagera kuingia Karagwe. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo cha Kafuro huko Karagwe tangu miaka mingi kabla. Tippu Tip mwenyewe hakufika upande huu, lakini ugomvi uliobebwa na msafara huo ulimhusu yeye.

Stanley alipofika pwani alimfungulia madai katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza Unguja, akidai pauni 10,000 kama fidia. Fedha za Tippu Tip zilizokuwa kwa wakala wake, wa nyumba ya Topan, zilizuiwa. Hili ndilo pigo ambalo kila mfanyabiashara wa mpakani analiogopa: mtu yuko safarini, mbali, na huku nyuma akaunti yake imefungwa kwa madai ambayo hajayajibu.

Angeweza kubaki Kongo, kama wale wa Nyangwe na Ujiji waliokwepa wadai wao. Badala yake, mwaka 1890 alimwachia Rashid bin Muhammed, jamaa yake, kazi ya uwali, akaanza safari ndefu ya kurudi kujibu. Aliugua njiani na kuchelewa. Alifika Unguja Julai 1891. Kesi haikufika mwisho wa hukumu, madai yaliachwa. Kurudi kwake, hata hivyo, kulimwokoa kwa namna nyingine ambayo hakuitazamia.

Kuanguka kwa Kongo na kesi ya mshirika

Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya dola ya Leopold na Waswahili na Waarabu wa Kongo mashariki. Nyangwe ilitekwa Machi 1893 na Kasongo mwezi uliofuata. Mwana wa Tippu Tip, Sefu, aliuawa mwaka huohuo. Mshirika wake Muhammad bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza, aliyekuwa na nguvu upande wa Ujiji, alifukuzwa mwanzoni mwa 1894. Maghala, pembe na mashamba yote ya Kongo yakapotea.

Rumaliza alirudi pwani mikono mitupu na kumshtaki mshirika wake wa zamani akidai sehemu yake katika ushirika waliokuwa nao. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, kila mmoja na eneo lake, kwa maneno na kuaminiana. Faida ilipokuwepo hakuna aliyeuliza sana hesabu. Hasara ilipokuja, kila mmoja alikumbuka mambo tofauti. Kesi hiyo iliendelea kwa miaka na kumsumbua Tippu Tip uzeeni. Dola ya Leopold haikuweza kumwangusha kabisa, wala Stanley. Aliyemchosha zaidi alikuwa mwenzake.

Hata hivyo hakufa maskini. Alikuwa amewekeza sehemu ya faida yake katika nyumba na mashamba ya Unguja, mbali na hatari za bara. Mashamba hayo nayo yalitegemea watumwa, hadi amri ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa katika sheria za Zanzibar. Katika miaka yake ya mwisho aliandika historia ya maisha yake kwa Kiswahili, akihimizwa na Mjerumani Heinrich Brode. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya mtu kusimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kimejaa hesabu: frasila, reale, nani alichukua nini na nani hakulipa. Alifariki Juni 1905 kwa malaria. Nyumba yake ipo hadi sasa katika Mji Mkongwe.

Familia nyingi za Unguja hazikuwa na bahati hiyo. Rehani zilizoanza wakati wa misafara na karafuu ziliendelea kizazi hadi kizazi. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya Zanzibar ililazimika kutunga sheria za kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wadai na kusimamisha kwa muda ulipaji wa madeni. Kukopa harusi, kulipa matanga, na mara nyingi matanga hayo yaliwaangukia watoto.

Kutoka Unguja hadi Nakivale

Mfanyabiashara wa Nakivale hana forodha ya Sultani wala Taria Topan. Lakini njia ya kutoka kwenye jina baya au kutokuwa na jina haijabadilika sana. Wengi huanza na vikundi vya kuweka na kukopa, ambapo kila wiki mtu anaonekana akiweka, akikopa kidogo na akirudisha mbele ya wenzake. Wengine wanaingia kwenye SAKO zilizoanzishwa na wakimbizi wenyewe. Mwaka 2020 taasisi ya fedha ya UGAFODE ilifungua tawi ndani ya makazi hayo, jambo ambalo kwa miaka mingi lilionekana haliwezekani kwa watu wasio na hati ya ardhi. Deni dogo lililolipwa bado ndilo linalofungua deni kubwa, kama lilivyomfungulia kijana wa Kwarara.

Anayedaiwa na wengi anaweza kupata nafuu kwa kuongea na mdai mkubwa mmoja mapema, kabla hajatafutwa. Anayechelewa apeleke habari. Taria alingoja miaka 12 kwa sababu alijua mdaiwa wake yuko wapi. Mwenye ushirika aandike nani ana nini wakati mambo ni mazuri, ili asije akafika mahakamani kama Rumaliza. Na mwenye faida atoe sehemu yake barabarani aiweke mahali salama kwa ajili ya nyumba yake.

Kuna jambo moja ambalo maisha ya Tippu Tip hayafai kuigwa. Alilipa wadai wake wa Unguja kikamilifu na kwa heshima, na bara aliacha watu waliolipishwa wasichokopa. Leo utingo asiyelipwa ujira ili lori limalize deni lake, mkulima wa Isingiro anayechukuliwa ndizi kwa ahadi isiyotimizwa, au mke anayegundua kwamba duka limewekwa rehani bila yeye kuambiwa, wote wamewekwa pale walipokuwa wapagazi wa Maniema. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kulipa awe yule aliyekopa.